Amplifaya iliyojizima na spika zilizoandikwa omu 8: uchambuzi wa kisa

Amplifaya ilikuwa inajizima. Ndilo lalamiko lililonifikia kwanza, na kwa mwenye vyombo ndilo lililokuwa lalamiko lote. Muziki ukipandishwa, baada ya kama nusu saa taa nyekundu ya ulinzi inawaka, sebule inanyamaza, na hana budi kusubiri chombo kipoe ndipo kikubali kuwaka tena. Usiku, sauti ikiwa chini, hakuna shida yoyote. Nilipomhoji zaidi likatoka la pili, ambalo yeye aliliona dogo nami nikaliona kubwa zaidi: hata kabla ya kujizima, kila ngoma nzito inapopigwa sauti ya mwimbaji inakwaruza kwa kitambo kidogo, kisha inarudi sawa.

Vyombo vyenyewe havikuwa vibaya. Spika ni ndefu, za kusimama sakafuni, za njia tatu: wufa mbili za sauti nzito, spika moja ya sauti za kati, na twita ya sauti nyembamba. Bamba la nyuma linasema omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), desibeli 87, wati 30 hadi 200. Amplifaya ni ya transista, daraja AB (mpangilio wa kawaida wa transista), wati 60 kila upande kwenye omu 8. Juu ya skrubu zake za spika, kwa maandishi madogo ambayo hakuna aliyekuwa ameyatazama, imeandikwa kwamba inapokea spika za omu 6 hadi 16. Chumba kina urefu wa mita 5 na upana wa 4, na kiti cha kusikilizia kiko mita 3 kutoka kwenye spika.

Alikuwa ameshashauriwa. Spika zinataka hadi wati 200, aliambiwa, amplifaya ina 60, kwa hiyo anunue ya wati 200. Ushauri huo unaonekana wa maana, na watu wengi hupewa huohuo. Lakini wati 200 za amplifaya isiyofaa zingeweza kumwacha palepale alipokuwa, na ndiyo sababu kisa hiki nakieleza kwa kirefu.

Bamba lilisema nini

Wengi husoma "wati 30 hadi 200" kama kiasi ambacho spika inadai. Sivyo. Namba ya juu inahusu joto ambalo koili za ndani zinaweza kulivumilia katika jaribio kabla ya kuungua. Namba ya chini ni makadirio ya mtengenezaji kuhusu amplifaya ndogo kabisa inayoweza kuridhisha. Hakuna hata moja inayokuambia spika itatoa sauti kubwa kiasi gani ukiipa umeme, wala itavuta mkondo kiasi gani.

Desibeli 87 ndiyo namba yenye kazi. Huo ni unyeti: kiasi cha sauti kinachopimwa mita 1 mbele ya spika inapopewa volti 2.83. Volti hizo hazikuchaguliwa ovyo, kwani kwenye mzigo wa omu 8 zinakuwa wati 1 kamili. Kwenye mzigo wa omu 4, volti zilezile zinakuwa wati 2. Mtengenezaji akiandika omu 8 kwenye spika ambayo kwa kweli ni ya omu 4, unyeti wake unaonekana mzuri kwa desibeli 3 kuliko ulivyo kwa kila wati. Nilianza kulishuku bamba hapo.

Nilichomoa nyaya, nikaweka multimita kwenye skrubu za spika, nikapima ukinzani wa mkondo mnyoofu. Ikasoma omu 3.0. Spika ambayo ni ya omu 8 kwelikweli kwa kawaida husoma kati ya 5.5 na 7 kwa kipimo hiki. Ni kipimo rahisi mno, kinamtaka mtu awe na multimita ya kawaida tu, na ningependa kila anayenunua spika zilizotumika akifanye kabla ya kutoa fedha.

Ila kipimo hicho ni dalili tu. Impidensi ya spika, yaani ukinzani wake kwa mkondo geu, haina namba moja. Hupanda na kushuka kadiri masafa yanavyobadilika, kwa sababu ya mwendo wa wufa ndani ya sanduku na kwa sababu ya koili na kapasita za krosova, saketi inayogawa sauti kati ya wufa, spika ya kati na twita. Ili kuiona yote, nilifunga rezista ya omu 10 mfululizo na spika, nikapiga sauti za kujaribia moja baada ya nyingine kwa kiwango cha chini, nikapima volti juu ya rezista na volti juu ya spika. Ukigawanya volti za spika kwa za rezista kisha ukazidisha kwa 10, unapata omu za spika kwenye masafa hayo. Kwenye hezi 60 ilifika omu 22. Ikaporomoka hadi 3.2 kwenye hezi 120, ikabaki chini ya 4 mpaka karibu hezi 250, halafu ikapanda tena hadi 14 karibu na hezi 2,500, pale sauti za kati zinapokabidhiana na twita.

Kanuni ya kimataifa, IEC 60268-5, inataka impidensi ya spika isishuke chini ya asilimia 80 ya ile iliyotangazwa. Spika ya omu 8 basi haipaswi kwenda chini ya 6.4. Asilimia 80 ya 4 ni 3.2, yaani palepale spika hizi ziliposhuka. Hizi ni spika za omu 4. Amplifaya inayosema "omu 6 hadi 16" haikuwahi kukubali kazi hii.

Sababu ya kujengwa hivyo si siri. Wufa mbili za omu 8 zikifungwa sambamba zinakuwa omu 4, na mtengenezaji anapata unyeti zaidi kwa kila volti. Anautafuta kwa sababu besi ya chini kutoka sanduku la kiasi ina gharama yake. Mwaka 1954 Edgar Villchur alionyesha, kwa spika ya AR-1 yenye sanduku lililofungwa kabisa, kwamba sanduku dogo linaweza kushuka chini sana. Lakini unyeti ulipungua, na amplifaya zikalazimika kukua. J. Anton Hofmann, mmoja wa waasisi wa KLH mwaka 1957, ndiye anayehusishwa na kanuni ambayo mafundi wa spika bado wanaifuata: kati ya sanduku dogo, besi ya chini na unyeti mkubwa, utapata viwili. Kwa hiyo kushuka hadi omu 3.2 hakuzifanyi spika hizi kuwa mbovu. Kosa liko kwenye namba 8 iliyobandikwa nyuma.

Volti anazozihitaji kweli

"Nahitaji wati ngapi?" ni swali linalopimika nyumbani, bila kubahatisha. Mwenye vyombo alichagua rekodi anayoipenda ikiwa juu, akazungusha kitufe hadi pale ambapo hawezi kutaka zaidi, kisha kitufe hakikuguswa tena. Amplifaya ikazimwa, spika zikachomolewa, ikawashwa upya. Tukacheza sauti ya hezi 120 iliyorekodiwa desibeli 12 chini ya kilele cha dijitali, yaani kiwango cha juu kabisa ambacho rekodi inaweza kubeba, nikapima volti za mkondo geu kwenye skrubu za amplifaya. Sauti ya masafa ya chini ni muhimu hapa, maana multimita nyingi hukosea zikipelekwa juu. Ikasoma volti 4.6. Desibeli 12 ni mara nne kwa volti, kwa hiyo kilele cha rekodi, kitufe kikiwa pale, kinadai volti 18.4.

Tahadhari kwa atakayejaribu: usifanye hivi kamwe na amplifaya ya valvu, yaani ile ya taa za kioo badala ya transista. Amplifaya yenye transfoma ya kutolea sauti ikipigwa bila mzigo inaweza kuharibu transfoma hiyo. Iwekewe rezista kubwa badala ya spika.

Sasa hesabu. Wati 60 kwenye omu 8 ni volti 22 hivi. Alihitaji 18.4. Kwa lugha ya bamba, yaani kwa omu 8, mahitaji yake ni wati 42 tu! Mtu aliyemwambia anunue wati 200 alikuwa mbali. Nililinganisha pia na sauti yenyewe: volti 18.4 ni desibeli 16 juu ya 2.83, kwa hiyo spika moja ingetoa kama 103 mita 1 mbele yake, na kwa spika mbili ndani ya chumba hiki vilele kwenye kiti vinakuwa karibu na 100. Hiyo ni sauti kubwa ya kutosha kwa sebule yoyote, na wastani wa muziki wenyewe uko desibeli 10 hadi 20 chini yake.

Kama volti zinatosha, kwa nini inakwaruza na kujizima?

Kwa sababu volti zilipimwa bila spika. Spika ikirudi, zile volti 18.4 kwenye omu 3.2 zinadai ampea 5.75. Kwenye omu 8 zingedai 2.3. Mkondo ni mara mbili na nusu, wote unapita kwenye transista zilezile na kutoka kwenye ugavi uleule wa umeme. Nilifunga rezista nene mahali pa spika na kutazama wimbi kwenye oskiloskopu. Kwa omu 8 amplifaya ilifika volti 22 wimbi likiwa safi, kama kitabu kilivyoahidi. Kwa omu 4 wimbi lilianza kukatwa kichwa kwenye volti 16. Hizo ni wati 64, karibu zilezile za omu 8. Amplifaya yenye ugavi usiotetereka hushikilia volti zake mzigo unapokuwa nusu, na wati zinakaribia kuwa maradufu. Hii volti zake zilianguka.

Volti 16 dhidi ya 18.4 ni upungufu wa desibeli 1.2. Ukiutaja hivyo unasikika mdogo, lakini kazi ya kilele haifanyiki kwa sehemu: wimbi likigonga dari, kila kilichomo ndani yake wakati huo kinakatwa pamoja. Ngoma inapoisukuma amplifaya hadi kikomo, sauti ya mwimbaji iliyopanda juu ya wimbi hilohilo inapotea kichwa pia. Ndiyo maana mkwaruzo ulisikika kwenye sauti ya mtu na si kwenye ngoma, na ndiyo maana mwenye vyombo alikuwa akiilaumu twita. Twita ilikuwa salama, kwa bahati. Amplifaya inayokatwa vilele mfululizo hujaza masafa ya juu kwa nguvu ambazo hazikuwemo kwenye muziki, na twita ni koili ndogo isiyovumilia joto jingi.

Kujizima kunaelezeka vilevile. Joto la transista za daraja AB hupanda na mkondo. Tena kwenye spika halisi volti na mkondo havifiki vilele kwa wakati mmoja, hivyo transista hubeba joto zaidi ya lile ambalo rezista ya omu zilezile ingelisababisha. Saketi ya ulinzi ilikuwa ikifanya kazi yake vizuri. Nilimwambia asiiwekee feni na kuendelea, kama alivyokuwa amefikiria.

Waya, kwa ufupi

Nyaya za spika zilikuwa za milimita za mraba 0.75, urefu wa mita 6. Kwenda na kurudi ni mita 12 za shaba, karibu omu 0.27. Mbele ya spika ya omu 22 hilo ni kitu kidogo. Mbele ya 3.2 linakula desibeli 0.7. Tulibadilisha kwa shaba ya milimita za mraba 2.5, ukinzani ukashuka hadi omu 0.08. Aangalie tu asiuziwe alumini iliyopakwa shaba, ambayo kwa unene uleule ina ukinzani mkubwa zaidi. Sikutegemea waya uondoe tatizo, na haukuliondoa.

Amplifaya mbili za kuazima

Ya kwanza ilikuwa ya valvu, jozi ya valvu za EL34 kila upande, wati 35, yenye skrubu za omu 4 na za omu 8. Mwenye vyombo aliifunga kwenye skrubu za omu 8, kwa kufuata bamba la spika, na akaipenda papo hapo. Gitaa la besi, alisema, limejaa kuliko lilivyowahi kujaa. Hakuwa akijidanganya. Ukinzani wa ndani wa amplifaya ile, kwenye skrubu hizo, ni kama omu 2. Volti zinagawanywa kati ya ukinzani huo na spika. Spika inapokuwa na omu 22 inapokea asilimia 92 ya volti. Inaposhuka hadi 3.2 inapokea asilimia 62. Tofauti ni desibeli 3.5. Yaani amplifaya ilikuwa ikiinua hezi 60 na kuzama kwenye 120 hadi 250, ikifuata mchoro wa impidensi wa spika mstari kwa mstari. Kwenye skrubu za omu 4 ukinzani wa ndani unakuwa nusu, na tofauti ikashuka hadi desibeli 2.

Haya ndiyo yaliyonifurahisha zaidi katika kisa kizima. Watu hubishana kama amplifaya zina sauti au hazina, na hapa jibu lilikuwa mbele yetu kwa hesabu: amplifaya hii na spika hizi, zikikutana, zinatengeneza besi ambayo haimo kwenye rekodi wala kwenye amplifaya ikiwa peke yake. Mpe mtu mwingine spika yenye impidensi iliyonyooka, amplifaya ileile haitaongeza kitu. Simkatazi mtu kuipenda sauti hiyo. Namtaka tu ajue imetoka wapi, asije akabadilisha spika siku moja akashangaa imekwenda wapi.

Kwa uwezo, hata hivyo, haikufika. Wati 35 kwenye omu 4 ni volti 11.8 dhidi ya 18.4, upungufu wa karibu desibeli 4. Kwa muziki wa taratibu usiku ilikuwa tamu sana, na ilipozidiwa ililainika badala ya kukwaruza. Amplifaya za valvu zina mahali pake. Valvu ya 300B ya Western Electric, iliyotoka mwaka 1938, hutoa kama wati 8 ikiwa moja, na kwa spika za pembe (zenye mdomo unaopanuka kama wa tarumbeta) zenye unyeti wa desibeli 100 na zaidi wati hizo zinajaza ukumbi. Spika hizi si za pembe.

Ya pili ilikuwa ya daraja D, ambayo transista zake huwaka na kuzima kwa kasi kubwa, wati 90 kwenye omu 8 na 170 kwenye omu 4. Namba hizo mbili zikisomwa pamoja ndizo tulizokuwa tukizitafuta. Nilitaka volti 18.4 pamoja na akiba ya desibeli 3, yaani volti 26. Hiyo ni wati 85 kwa omu 8 na 169 kwa omu 4. Kwenye rezista ya omu 4 ilishika volti 26 bila wimbi kukatwa. Jambo moja zaidi nililolikagua kwa makusudi: katika amplifaya kadhaa za zamani za daraja D, saketi ya kujirekebisha inaishia kabla ya kichujio cha kutolea, hivyo sauti za juu hubadilika kulingana na spika. Hii inajirekebisha baada ya kichujio, na majibu yake kwa omu 4 na omu 8 yalikuwa sawa hadi juu.

Amplifaya ya daraja AB yenye transfoma kubwa na namba hizohizo ingefaa vilevile. Daraja si hoja yangu. Hoja ni kwamba namba ya omu 4 iwepo, na iwe karibu maradufu ya namba ya omu 8. Amplifaya inayotaja wati za omu 8 tu, au inayotangaza 4 kwa wati zilezile, imeshakuambia ugavi wake ukoje. Na namba yenyewe iwe ya kweli: wati za mfululizo, pande zote mbili zikifanya kazi pamoja, masafa na upotofu wa sauti vikiwa vimetajwa. Marekani ilianza kudai hivyo kwa kanuni ya Tume ya Biashara, FTC, mwaka 1974, baada ya matangazo ya wati kuzidi kiasi. Namba inayofuatwa na herufi PMPO haina kipimo kinachokubalika nyuma yake, iachwe.

Baada ya kubadilisha

Kujizima kulikwisha, na mkwaruzo ukaisha. Mwenye vyombo hakufurahi mara moja. Besi, alilalamika, imepungua. Baada ya ile amplifaya ya valvu ni kweli ilikuwa imepungua kwenye hezi 60, na sauti za kiume na mwili wa ngoma vilikuwa vimerudi mahali pake. Nilimwomba aiache kwa muda bila kugusa kitu. Alipoizoea, alichokitaja kwanza ni kwamba sasa anasikia maneno ya kwaya ngoma zikiwa zinapigwa.

Uvumo mmoja ulibaki kwenye noti za chini kabisa, na huo hakuna amplifaya itakayouondoa. Mita 5 za urefu wa chumba zinaleta mwangwi wa kusimama (sauti inayorudi kati ya kuta na kuvuma) kwenye hezi 34, na mita 4 za upana kwenye 43. Spika zilikuwa zimebanwa kwenye kona, mahali zinapoiamsha miangwi hiyo kwa nguvu kabisa. Tulizitoa mbele kidogo na kusogeza kiti kutoka ukutani. Uvumo ukapungua kwa kiasi cha kusikika, ingawa haukuisha.

Amplifaya ya zamani haikuuzwa. Ilihamia chumba kingine, kwenye spika mbili ndogo za rafuni ambazo bamba lake pia linasema omu 8. Hizo tulizipima kabla ya kufunga waya: 5.9 kwa mkondo mnyoofu, na haishuki chini ya 6.5 popote. Inapiga siku nzima na taa nyekundu haijawaka.